Switch na PS4 za okazyo: nitajuaje kama imefungiwa mashine, akaunti, au ni mtandao tu?

Maneti_Mbili (Goma, Himbi)

Jambo wakubwa na wadogo. Kuna mashine tatu za michezo za okazyo (mtumba) mezani, zimetoka mtaa wa Birere hapa Goma, na muuzaji anaapa kwamba "zote ziko bien, kinachosumbua ni internet ya Goma." Malipo bado. Nataka kupima kabla dola hazijatoka mfukoni, tena kwa kipimo ambacho hata kijana wa sali ya mchezo (ukumbi wa kuchezea) anaweza kukirudia bila kusimamiwa.

Hali iko hivi.

Ya kwanza ni Nintendo Switch ya zamani, ile ya 2017. Wi-Fi inashika, jaribio la muunganisho linapita, ila ukifungua eShop (duka la mtandaoni la Nintendo) inakutupia kosa 2124-4007.

Ya pili ni PS4 Slim, programu ya mfumo 9.00. Diski zinacheza. PSN (mtandao wa Sony) haiingii, kila mara inadai isasishwe kwanza.

Ya tatu ni PS4 Pro yenye programu mpya kabisa. Jioni inaleta WS-37397-9, asubuhi inaingia kama hakuna kilichotokea.

Maswali: ipi kati ya hizi imefungiwa kweli? Makampuni yanaitambuaje mashine hata ukifuta kila kitu na kuweka akaunti mpya? Na kubadilisha disku ngumu, kipande cha Wi-Fi au adresi ya MAC (namba ya kipande cha mtandao) kunasaidia chochote, au ni hadithi za Birere?

Aksanti.

---

Fundi_Kadutu (Bukavu)

Jambo ndugu. Muuzaji wako amesema kweli kwa mashine moja kati ya tatu, na hiyo moja ni kwa bahati.

Neno "imefungiwa" linabeba mambo manne, na watu wanayachanganya kila siku. Inaweza kufungiwa akaunti. Inaweza kufungiwa mashine yenyewe. Inaweza kuzuiwa adresi ya mtandao, yaani IP. Au umefungiwa ndani ya mchezo mmoja tu na mwenye mchezo, huku Sony na Nintendo hawana habari nawe. Tatu kati ya hizo zina njia ya kutokea. Ya mashine, kwa kawaida, haina.

Kipimo ni kubadilisha kitu kimoja tu kila mara. Chora safu tano kwenye daftari: saa, namba ya mashine, akaunti, mtandao, na kosa lenyewe herufi kwa herufi. Usiandike "imekataa". Andika WS-37397-9. Halafu:

1. Mashine ile ile, akaunti ile ile, mtandao mwingine. Washa simu yenye laini ya kampuni nyingine, isambaze data. Kosa likiondoka, tatizo ni IP.
2. Rudi mtandao wa kwanza. Mashine ile ile, akaunti nyingine. Iwe akaunti mpya uliyoifungua wewe, si ya kununua mtaani. Kosa likiondoka, tatizo ni akaunti.
3. Akaunti ya kwanza, mtandao wa kwanza, mashine nyingine unayoijua. Ikiingia huko, na hii ya mezani ikigoma kwa akaunti zote na mitandao yote, umeshapata jibu lako.

Hatua ya 3 ndiyo watu wanairuka, na bila hiyo huwezi kusema kitu. Kosa jingine la kila siku ni kubadilisha laini na akaunti kwa mpigo. Mashine inaingia, watu wanashangilia, hakuna anayejua ni kipi kimeiponya.

Sasa PS4 Slim yako. Hakuna dalili hata moja kwamba imefungiwa. PSN haimruhusu mtu yeyote kuingia na programu ya zamani, na hiyo ni kwa kila PS4 duniani. Lakini 9.00 si namba ya bahati mbaya. Tangu Desemba 2021 kuna njia ya kukraki toleo hilo, yaani kuvunja ulinzi wake, kwa kupitia kivinjari cha mashine na fleshi ya USB, ndiyo maana mashine nyingi za kuuzwa zimeachwa hapo makusudi. Ukiizima kabisa na kuiwasha upya, kraki inalala na mashine inaonekana ya kawaida. Angalia michezo iliyo ndani: kama kuna ishirini na hakuna diski, na michezo ya akaunti aliyoacha muuzaji haifanani na hiyo, umeshaelewa.

Hapa kuna uamuzi wa kufanya kabla ya kupima. Kujua kama inakubaliwa na PSN lazima uisasishe, na ukishaisasisha hairudi nyuma. Mwenye sali anayeitaka kwa michezo ya kraki hatakushukuru. Kwa hiyo ongea na muuzaji kwanza, mkubaliane nani anabeba hasara.

Mkikubaliana, usisasishe kwa megabaiti za simu. Pakua kwenye kompyuta, kutoka tovuti ya PlayStation yenyewe. Fleshi iwe FAT32 au exFAT. Tengeneza folda PS4, ndani yake folda UPDATE, zote herufi kubwa, na ndani faili liitwe PS4UPDATE.PUP. Ukiona jina limegeuka PS4UPDATE(1).PUP kwa sababu ulipakua mara mbili, mashine haitaliona na utafikiri fleshi ni mbovu. Zima PS4 kabisa, kisha shikilia kitufe cha kuwasha mpaka usikie mlio wa pili, kama sekunde saba. Unaingia hali ya usalama. Unganisha maneti (kidhibiti cha mchezo) kwa kable. Chagua namba 3. Namba 7 usiiguse, inafuta disku nzima.

Kable nayo ina mambo yake. Nyingi za sokoni zina nyaya mbili tu za umeme, hazina za data. Maneti itawaka taa ya kuchaji, lakini ekra (skrini) itaendelea kukuambia uiunganishe. Si maneti iliyokufa. Badilisha kable.

Na umeme uwe na akiba. Ukikatika katikati ya kusasisha, unaweza kuondoka na mashine isiyowaka, halafu muuzaji atasema uliiua wewe.

Vitu viwili vinavyofanana na kufungiwa na si kufungiwa. Cha kwanza ni DNS, yaani seva inayogeuza majina ya tovuti kuwa adresi. Mashine za kraki huachwa na DNS ya mkono ili zisiifikie Sony. Ingia Paramètres, Réseau, weka muunganisho upya, DNS iwe Automatique. Cha pili ni saa. Kuna bateri ya CR2032 kwenye bodi. Ikifa, kila umeme ukikatika tarehe inarudi miaka nyuma, na muunganisho salama unaweza kukataa kwa sababu vyeti vya seva vinaonekana havijaanza kutumika. Pima kwa multimeta: mpya ni volti 3, ikishuka chini ya 2.5 itoe.

Kuhusu disku na MAC: ni hadithi za Birere. Kitambulisho cha PS4 kimo kwenye chipu iliyo juu ya bodi na kimefungamana na bodi hiyo. Disku inabeba programu ya mfumo, michezo na rekodi. Ukiweka disku mpya ya 1 TB umenunua nafasi, hujanunua jina jipya.

Switch namwachia mtu wa Lubumbashi, yeye anazifungua kila siku.

---

Kamalondo_Elektro (Lubumbashi)

Niko hapa, yaya.

2124-4007 ni hukumu ya mashine. Si ya akaunti. Na alichoandika Maneti_Mbili kinathibitisha: jaribio la muunganisho linapita, eShop inakataa. Lile jaribio linagonga seva ambayo haikuulizi wewe ni nani, inapima tu kama kuna njia. eShop inaomba kitambulisho. Kwa hiyo njia ipo, mlango ndio umefungwa. Ingekuwa DNS ya kuzuia Nintendo, mashine isingeifikia seva ya Nintendo, wala usingejibiwa 2124-4007. Ukikuta kwenye mipangilio DNS ya 163.172.141.219 au 207.246.121.77, hiyo ni ile inayoitwa 90DNS: iliwekwa na mtu aliyekuwa na programu ya kraki na hakutaka mashine izungumze na Nintendo. Ifute, weka otomatiki, pima tena. Lakini sasa umeshajua historia ya mashine.

Inatambuliwaje? Kila Switch inatoka kiwandani na cheti chake na ufunguo wake wa siri. Vimehifadhiwa kwenye sehemu ya kumbukumbu inayoitwa PRODINFO, nayo imefungwa kwa ufunguo unaotokana na chipu ya Tegra ya mashine hiyo hiyo. Ukihamisha kumbukumbu ya Switch A kuipeleka Switch B, B haiwezi kuisoma. Ndiyo maana kufuta, kurudisha hali ya kiwandani, kubadilisha kipande cha Wi-Fi, vyote ni kupaka rangi nyumba ambayo namba yake iko kwenye msingi.

Ikienda mtandaoni inaomba tokeni (vibali vya muda) mbili. Ya kwanza ni ya mashine. Seva inaangalia cheti na kujua ni Switch ipi hasa, kati ya zote zilizouzwa. Kama iko kwenye orodha ya waliofungiwa, safari inaishia hapo, unapata 2124-4007. Ya pili ni ya mchezo, na hapa ndipo wengi walinaswa. Kadi ya mchezo si plastiki tu: kila kadi, moja moja, ina cheti chake kilichosainiwa na Nintendo. Kadi mbili za mchezo ule ule, zilizonunuliwa duka moja siku moja, zina vyeti tofauti. Mchezo wa kununua eShop nao una tiketi iliyosainiwa, ndani yake mna namba ya mashine na ya akaunti iliyolipa. Ukicheza mtandaoni na mchezo wa kunakili, ama cheti hakipo, ama ni cha kadi ambayo muda huo huo inaonekana kwa watu wengine hamsini. Seva haihitaji kukisia. Michael Scire, mtafiti wa Switch anayejulikana kama SciresM, alieleza utaratibu huu hadharani Juni 2018, miezi michache tu baada ya Switch kuvunjwa.

Zaidi ya hapo mashine inatunza rekodi za makosa na za michezo iliyoendeshwa, na inazituma inapopata mtandao. Kwa hiyo mtu anayesema "nilicheza bila internet, halafu nikaunganisha siku moja tu" ameshajijibu. Na kifungo si lazima kije siku ile ile. Ndiyo maana muuzaji anaweza kukuonyesha eShop ikifunguka leo, na kesho kutwa ikafungwa mikononi mwako.

Sasa angalia mwili wa mashine, maana mwili hausemi uongo.

Toa Joy-Con (maneti ya pembeni) ya kulia. Ndani ya reli, chini kabisa, kuna meno kumi ya shaba. Switch za mwanzo zina udhaifu uliotangazwa na mtafiti wa usalama Kate Temkin Aprili 2018. Uko ndani ya chipu yenyewe, kwa hiyo hakuna sasisho linaloweza kuuziba. Kuingia huko kunahitaji kuunganisha jino la 10 na ardhi, kwa kidude kidogo cha plastiki kinachosukumwa kwenye reli. Chukua tochi na kioo cha kukuzia. Jino la 10 likiwa limekwaruzwa kuliko wenzake, au limepinda, au lina tone la risasi ya kulehemu, mashine imepita huko.

Geuza nyuma. Skrubu nne za pembeni ni za mdomo wa mabawa matatu, kama herufi Y. Zikiwa zimelika, imefunguliwa. Si kosa lenyewe, inaweza kuwa ilibadilishwa bateri. Ila kwa mashine mpya zaidi, ambazo udhaifu ule hazina, kufunguliwa ni njia ya kuweka chipu ya kraki ya kuchomelea.

Chini ya mguu wa kusimamishia kuna nafasi ya microSD. Muuzaji mwerevu ameitoa. Asipoitoa, iweke kwenye kompyuta: ukiona folda ya "atmosphere" au "emuMMC", ambazo ni za programu ya kraki, usiendelee na maswali.

Mwisho, linganisha namba iliyobandikwa chini ya mashine na ile ya kwenye mipangilio, sehemu ya mfumo. Zikilingana, sawa. Ukiona XAW ikifuatwa na msururu wa sifuri, basi mtu ameificha au ameifuta PRODINFO ili Nintendo isiijue. Hiyo ni hali nyingine. Haiwezi kuingia mtandaoni kwa sababu haina jina, si kwa sababu jina limefungiwa. Kama mwenye mashine alitunza nakala ya PRODINFO yake inaweza kurudishwa. Kama hakutunza, basi. Nakala ya mashine nyingine haifai.

Kwa hiyo Switch yako: kama iko 2124-4007 kwa laini mbili tofauti, inunue kama mashine ya kadi za duka tu, kwa bei ya mashine ya kadi tu. Usilipe bei ya mashine nzima kwa sababu "itafunguliwa baadaye". Kwa kawaida haifunguliwi.

---

Mtandao_Katindo (Goma)

Naongezea kwenye PS4 Pro, maana hiyo ni mambo ya kwetu.

WS-37397-9 inazungumzia IP. WS-37368-7 inazungumzia akaunti kufungiwa. Namba hizi mbili zinafanana machoni na watu wanazisoma haraka. Mtu anauza akaunti yake kwa bei ya kutupa kumbe ni laini tu. Kama ni mashine yenyewe, ujumbe unaitaja PS4 au PS5, si akaunti. Piga picha ya ekra, usitegemee kumbukumbu.

Kwa nini jioni? Kampuni za simu hazimpi kila mteja IP yake. Watu wengi sana wanatokea nje kwa adresi moja. Ingia kwenye ukurasa wa modemu yako, uangalie adresi ya upande wa WAN (wa nje). Ikianza na 100.64 mpaka 100.127, uko nyuma ya adresi ya pamoja. 10 kitu-kitu pia, maana yake ni ile ile. Satelaiti nayo haikuokoi lazima, Starlink kwa mpango wa kawaida inatumia utaratibu huo huo. Sasa ndani ya kundi lenu kuna mmoja anayejaribu maneno ya siri ya watu, au programu chafu iko kwenye kompyuta yake. Sony inaona maombi ya ovyo yakitoka adresi moja, inaizuia, nanyi nyote mnalala nje. Asubuhi modemu imepata adresi nyingine, mlango umefunguka.

Dawa: zima modemu dakika chache, washa, angalia kama IP ya nje imebadilika (tovuti yoyote ya kuonyesha IP inatosha), jaribu tena. Isipobadilika tumia laini nyingine jioni hiyo. Usibonyeze "jaribu tena" mara thelathini, unaongeza kesi. Na VPN za bure mara nyingi ndizo zenye adresi zilizochafuka kuliko zote, kwa hiyo ukizitumia kama dawa unahama kutoka moshi kwenda motoni.

Jambo la nne la Fundi, kufungiwa ndani ya mchezo, kwa sali za mpira ndilo la kawaida zaidi. Mtu amenunua sarafu za Ultimate Team (ya mchezo wa mpira wa kampuni ya EA) mtaani, EA inamfungia. PSN inaingia, mechi za mtandaoni zinagoma. Hapo PS4 haina kosa na akaunti ya PSN haina kosa. EA ina ukurasa wa historia ya vifungo kwenye tovuti yake ya msaada: unaingia kwa akaunti ya EA, unaona kosa na unaweza kulipinga. Call of Duty hivyo hivyo, ni kwa Activision. Kwa Xbox, tovuti ni enforcement.xbox.com, inaonyesha vifungo vya akaunti.

Na akaunti za kununua… Kongo haimo kwenye orodha ya nchi za PSN, kwa hiyo watu wanafungua akaunti za Ufaransa au Marekani, na ukishachagua nchi huwezi kuibadilisha. Hilo pekee halikufungii. Kinachofungia ni malipo: mtu anajaza pochi kwa kadi ya benki ya kuibiwa, anakuuzia akaunti yenye michezo, mwenye kadi anadai pesa zake, Sony inasimamisha akaunti. Taarifa ya kusimamishwa inatumwa kwa baruapepe ya akaunti. Baruapepe hiyo si yako. Huwezi hata kusoma umeshitakiwa nini.

---

Chipu_Moja (Goma, Majengo)

Kuna watu kwenye Telegram wanauza vyeti safi vya Switch, na kwa Xbox 360 wanauza "KV". Kwa nini msimwambie anunue tu?

---

Kamalondo_Elektro (Lubumbashi)

Kwa sababu cheti hicho ni cha Switch ya mtu mwingine. Anakiuza kwako, na kwa wengine kumi wiki hiyo hiyo. Mashine mbili zikijitambulisha kwa jina moja, jina linafungiwa, na aliyeinunua Switch hiyo dukani kwa haki anaamka hana eShop. Ni wizi, halafu haudumu.

Xbox 360 ni hivyo hivyo. KV ni kitambulisho cha mashine kilicho kwenye kumbukumbu yake, na kimefungwa kwa ufunguo wa prosesa. Novemba 2009 Microsoft ilizifungia 360 kwa wingi, zile zilizobadilishwa programu ya kisoma-diski ili zisome nakala. Zilipoteza hata uwezo wa kuweka michezo kwenye disku ngumu. Na duka la 360 lenyewe limefungwa tangu tarehe 29 Julai 2024. Kulipia KV leo ni kununua tiketi ya basi ambalo limeshaondoka.

Wenye Xbox One na Series, ukiona 0x82d60002 usilie kwamba umefungiwa. Hiyo ni maneti au kifaa kisichoidhinishwa. Tangu Novemba 2023 vinakataliwa. Chomoa ile maneti ya bei nafuu.

---

Maneti_Mbili (Goma, Himbi)

Aksanti sana wakubwa. Majibu ya daftari:

PS4 Pro: laini A jioni, WS-37397-9. Laini B dakika tano baadaye, akaunti ile ile, imeingia. Ni IP.

PS4 Slim: DNS ilikuwa ya mkono kweli. Imewekwa otomatiki, imesasishwa kwa fleshi na muuzaji akiwepo, akaunti mpya imeingia PSN. Michezo kumi na minne iliyokuwa ndani sasa ina kufuli, na muuzaji amenuna. Kable ya kwanza ilikuwa ile ya nyaya mbili.

Switch: laini mbili, akaunti mbili, 2124-4007 zote nne. Namba ya chini na ya mipangilio zinalingana. Jino la 10 lina mkwaruzo mrefu unaong'aa, mengine yamefifia.

Maswali mawili ya mwisho. Akaunti mbili zilizojaribiwa kwenye Switch hiyo, zimechafuka? Na kuna mtu anataka kuniletea Switch 2 kutoka Gisenyi pamoja na kadi sita za okazyo. Kadi zenyewe zina hatari?

---

Kamalondo_Elektro (Lubumbashi)

Akaunti: kwa kawaida hapana. Aliyehukumiwa ni mashine. Zifungue kwenye Switch nyingine, zitaingia.

Switch hiyo ukiichukua, jua inachoweza. Kadi zinacheza. Mtandao wa karibu kati ya mashine na mashine unafanya kazi, hata mechi za watu wanne chumba kimoja. Mchezo ukihitaji toleo jipya, kuna njia halali isiyopita seva: weka Switch nyingine yenye toleo hilo karibu, kwenye alama ya mchezo bonyeza +, chagua sasisho la programu, kisha kulinganisha toleo na watumiaji wa karibu. Linahama hewani. Zote mbili ziwe na chaji ya kutosha, na mchezo uwe umefungwa.

Switch 2 ni kali zaidi. Ilitoka tarehe 5 Juni 2025, na mwezi huo huo watu waliotumia kadi bandia ya MIG, ile inayobeba nakala za michezo, walianza kufungiwa. Kosa lake ni 2124-4508, si 2124-4007, kwa hiyo usiitafute namba ya zamani kwenye mashine mpya. Na Mei 2025 Nintendo ilishabadilisha mkataba wake wa Marekani: sasa unasema wanaweza kukifanya kifaa kisitumike kabisa, chote au sehemu yake. Ipime eShop ukiwa umeishika mkononi, pale pale Gisenyi, kwa data ya simu yako. Ukishavuka mpaka, muuzaji ni ngumu kumpata.

Kadi za okazyo, ndiyo, zina hatari, na hii watu hawaijui. Rudi kwenye cheti cha kadi. Mtu ananunua kadi halali, anainakili yote pamoja na cheti, anakuuzia plastiki, yeye anaendelea kucheza nakala mtandaoni. Wewe na yeye mnaonekana na cheti kimoja. Seva haijui nani ana plastiki. 2025 iliripotiwa kesi ya mtu aliyefungiwa Switch 2 yake kwa kadi za mtumba alizonunua kihalali. Aliwasiliana na Nintendo, akatuma picha za kadi na uthibitisho wa mauzo, wakamfungulia. Kwa hiyo piga picha za kadi zote sita, mbele na nyuma, yale maandishi madogo ya nyuma yasomeke. Tunza mazungumzo ya simu na muuzaji, yaliyo na tarehe na bei. Usiyafute hata baada ya kupokea mzigo.

Na angalia maganda: nyingine za Switch 2 ni kadi za ufunguo, zina alama ya ufunguo mbele. Ndani hamna mchezo, unaupakua. Kwa mashine isiyoingia mtandaoni, hiyo kadi ni kipande cha plastiki chekundu.

---

Fundi_Kadutu (Bukavu)

Moja tu la kuongeza, kwa PS4 Slim. Kabla muuzaji hajaondoka, aingie kwenye akaunti yake, aizime hiyo PS4 kama PS4 yake kuu, kisha aifute mbele yako. Asipofanya hivyo, akaunti yake inabaki imeshikana na mashine uliyoilipia. Akimuuzia mtu mwingine hiyo akaunti kesho, nyinyi wawili mtaanza kusukumana. Na michezo kumi na minne yenye kufuli, ifute yote. Slim yenye disku ya GB 500 inaijaza haraka, na ikibaki chini ya nafasi inayohitajika, mchezo wa diski utakataa kujiweka na utafikiri kisoma-diski kimekufa.